Sura ya Saba: Aliyeijua Tarehe Tisa

Kila mtu aliyemfahamu Gakii pale Arlington, Texas, alikwisha kuamua kwamba mwizi ni Florent. Kwa hiyo Prudensia Kokushubila alianza na Florent.

Alimkuta kwenye maegesho ya apatimenti, ameinamia injini ya gari lake, jasho linamtiririka mgongoni. Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya Mei 2019, saa nne asubuhi, na lami ilikwisha kuanza kuchoma nyayo. Florent alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mrefu, mwenye sauti ya chini, mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege. Kwa mwaka mmoja na nusu yeye na Gakii, muuguzi wa Kimeru, walikuwa wamepanga apatimenti moja ya vyumba viwili, kila mtu na mlango wake.

"Mama, mimi nilisha sema na polisi," Florent alisema bila kuinua kichwa. "Sikukamata passeport ya mutu. Nitaifanyia nini? Niko na yangu."

"Mimi si polisi. Nilishaacha."

Hilo lilikuwa kweli. Prudensia alipeleleza kesi kule Bukoba miaka kumi na minne kabla ya kuja Amerika. Siku hizi alikuwa na leseni ya Texas na ofisi ya chumba kimoja Carrollton, juu ya duka la vipodozi la Wakorea.

"Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu ulikuwa wapi?"

Florent alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Houston."

"Kufanya nini?"

"Kulikuwa deuil. Baba mudogo alifariki. Nilienda na bus, nikarudia siku ya tatu."

Prudensia aliandika. Bahasha iliyorudisha hati za Gakii ilikuwa na muhuri wa posta wa Houston, wa tarehe hiyo hiyo. Mpelelezi mwenye haraka angeishia hapo. Yeye aligeuza ukurasa.

"Gakii alifika Amerika lini?"

"Makumi mbili na ine, mwezi wa tatu, 2017."

"Mbona unaijua vizuri hivyo?"

"Mwaka jana alileta keki siku ile. Iliandikwa juu: one year in Texas. Ni mimi nilikata."

"Kabla ya hapa alikuwa wapi?"

"Londres."

"Akaja moja kwa moja?"

"Si ndiyo? Ndege inatoka Londres, inatua hapa. Ninapakuaka mizigo ya ile ndege kila siku, mama."

Prudensia alifunga daftari. "Asante. Nimemaliza na wewe."

"Ni mimi ama si mimi?"

"Si wewe."

Florent alimtazama kwa mara ya kwanza. "Basi uwaambie. Watu ya hapa hawanisalimiaka tena."

* * *

Gakii alikuwa anasubiri ghorofani, mezani jikoni, bado na sare za zamu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi wa miezi.

Kisa chake kilielezeka kwa dakika tano. Alikuwa na ukaaji wa kudumu wa Uingereza. Aliupata mwaka 2014, baada ya miaka minane ya fomu, alama za vidole, barua za mwajiri na mtihani wa maswali kuhusu wafalme waliokufa zamani. Alibakiza hatua moja, kuomba uraia. Ndipo ndoa yake na Humphrey ikavunjika, na hospitali moja ya Arlington ikampa mkataba wa miezi ishirini na tatu. Akamwacha binti yao Makena kwa Humphrey mjini Reading, akaondoka. Sheria aliijua: mwenye ukaaji wa kudumu akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, ukaaji unakufa. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe mbili Machi 2019, wiki nzima kabla ya muda kwisha. Tarehe ishirini na sita Februari alifungua kabati ya chumbani akakuta pasi yake ya Kenya na kadi ya ukaaji havipo.

Pasi mpya haitolewi kwa siku nne. Wala kadi mbadala. Alipokuwa bado anatuma ripoti ya polisi huku na fomu kule, miaka miwili ilitimia. Na tarehe kumi na nne Machi bahasha ya kahawia ikaingia kwenye sanduku lake la barua. Ndani mlikuwa na pasi na kadi, vizima kabisa, bila hata kikaratasi.

Sasa ilimbidi aombe viza ya mkaazi anayerejea, na wakili wake wa Reading alitaka ushahidi kwamba kuchelewa hakukuwa kosa lake. Gakii alitaka ushahidi pia, lakini si kwa ajili ya wakili peke yake. Siku ya kwanza kuingia ofisini Carrollton alimwambia Prudensia: "Nataka jina. Nikishapata jina, hiyo ingine ni yangu."

"Amekubali?" aliuliza sasa.

"Amekubali alikuwa Houston. Si yeye."

"Madam, please. Alikuwa Houston siku hiyo hiyo!"

"Lete ile pasi. Kaa chini."

Gakii aliileta. Prudensia aliifungua ukurasa wa kwanza, akaupigapiga kwa ncha ya kalamu.

"Imetolewa lini?"

"July 2018. Ile ya zamani ilikuwa ina-expire."

"Na ya zamani iko wapi?"

"Kwa locker, kazini. Haijawahi kuguswa."

"Sasa nitafutie humu muhuri unaosema ulitoka Uingereza lini."

Gakii alipekua kurasa. Zote zilikuwa nyeupe.

"Haupo," Prudensia alisema. "Kadi nayo haisemi. Lakini aliyeziiba alijua. Ulitoka Heathrow tarehe tisa Machi 2017, ukapitia Kenya kumzika mama yako, ukafika hapa tarehe ishirini na nne. Texas nzima inajua ishirini na nne, uliikatia na keki. Florent angekuwa mwizi, angekaa na hati zako mpaka ishirini na nne ipite. Huyu alizituma kumi na moja."

"Labda aliogopa akaamua kuzirudisha tu."

"Miaka miwili yako ilitimia tarehe tisa. Tarehe tisa mwaka huu ilikuwa Jumamosi. Jumapili posta imefungwa. Bahasha imegongwa muhuri Jumatatu. Mtu huyu alihesabu, Gakii. Hati hakuzitaka hata kidogo, alitaka siku zako zikwishe. Sasa niambie, tarehe tisa aliijua nani?"

"Makena. Humphrey."

"Hao wako Reading. Nairobi nani alikupokea?"

"Ni beshte tu."

"Ana jina?"

"Lydiah." Gakii alilitamka akiangalia meza. "Tulikuwa naye student days, Reading. Alinichukua airport tukaenda kwetu Nkubu kwa matanga. Kwao pia ni huko."

"Bado yuko Nkubu?"

"Hapana. Alishinda green card ya lottery, akakuja last year. Anakaa Sugar Land."

Sugar Land, nusu saa tu kutoka katikati ya Houston. Prudensia hakubadilisha sauti.

"Amewahi kuingia humu ndani?"

"Mara moja. Jumamosi ya prayers za safari, tarehe ishirini na tatu. Alikuja na bus, huo umbali wote, juu yangu. Akalala kwa room yangu. Siku tatu kabla nigundue."

"Nilikuomba majina ya wote walioingia chumbani mwako. Ukaandika tisa. Lydiah hayumo."

"Sikumfikiria."

Jibu lilikuja upesi mno. Prudensia aliwahi kusikia majibu ya namna hiyo kituoni Bukoba, na mara nyingi hayakutoka kwa washitakiwa. Yalitoka kwa walalamikaji.

* * *

Kesho yake alishika barabara ya kusini saa kumi na mbili asubuhi, akafika Sugar Land kabla ya saa tano. Lydiah alikuwa muuguzi msaidizi kwenye kliniki ya figo, na Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupumzika. Alifungua mlango kabla Prudensia hajabisha mara ya pili: mwanamke mfupi, nywele zimekatwa karibu na ngozi, miwani puani.

Prudensia alimpa kadi yake. Lydiah aliisoma yote, mbele na nyuma.

"Karibu, Madam. Chai iko tayari. Nilidhani mtu atakuja April."

Walikaa. Chai ilikuwa ya maziwa na tangawizi. Prudensia alitoa nakala ya bahasha akaiweka mezani.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Ungeweza kuchapa anwani kwa mashine. Ungeweza kwenda kuituma Louisiana."

"Ningeweza kuzichoma, pia."

"Kwa nini hukuzichoma?"

"Angedhani zimepotea." Lydiah alisukuma kikombe pembeni. "Nilitaka ajue kuna mtu."

Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya Prudensia akae mkao wa kusikiliza. Watu wanaokiri kwa utulivu huwa wamekuja na jambo lingine.

"Alikukosea nini?"

Lydiah aliinuka, akarudi na bahasha ya plastiki. Alitoa karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, nusu ya juu na jina la chini vimefutwa kwa wino mweusi.

"Nilifukuzwa Uingereza July 2009. Walinikuta kwa bus stop, nimevaa uniform ya kazi. Wiki mbili nikafungiwa, halafu ndege. Baba alikuwa ameshaambia kanisa nzima kwamba nitarudi daktari. Hakuniuliza swali hata moja. Aliacha tu kwenda kanisa." Aliigeuza karatasi imwelekee mgeni. "Baadaye niliomba file yangu. Sheria yao inaruhusu. Ilikuja na hii ndani. Soma mstari wa nne."

Prudensia alisoma. Barua ilikuwa ya Mei 2009. Mwandishi aliwaarifu wakuu wa uhamiaji kwamba Lydiah, mwanafunzi, alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee kwa jina la mtu mwingine, Angel, zamu za Jumanne na Alhamisi.

"Angel ni nani?"

"Mtanzania. Alikuwa na kibali kamili. Alirudi Moshi akatuachia badge na makaratasi yake."

"Akawaachia nani?"

Lydiah aligusa karatasi kwa kidole. Prudensia aliirudia karatasi, safari hii taratibu.

"Huyo Angel, kwenye ratiba ya kazi, alikuwa na zamu ngapi kwa wiki?"

"Nne."

"Barua inataja mbili."

"Ndiyo."

"Aliyeandika alijua siku zako barabara. Na zile mbili nyingine hakuzigusa, maana zilikuwa zake mwenyewe."

"Jumatatu na Jumatano," Lydiah alisema. "Wewe umechukua dakika tatu. Mimi nilichukua siku nzima, kwa sababu sikutaka iwe yeye."

"Kwa nini aandike?"

"Matron alikuwa amepata kibali cha kudhamini mfanyakazi mmoja. Mmoja tu. Alikuwa ameshanichagua mimi. Nikatolewa, akapewa Gakii. Ile kadi yake ilianzia hapo."

"Ulijua haya yote ulipompokea Nairobi?"

"Barua ilikuwa kwa handbag. Masaa matano mpaka Nkubu, nikasema leo ataniambia mwenyewe, nitamsamehe. Akaniambia habari ya Texas. Akaniambia miaka miwili, tarehe tisa, jinsi amepanga vizuri. Akalia kwa bega langu juu ya mamake. Hiyo ingine, hata neno." Alivua miwani akaifuta. "Mimi nilimbebea mamake jeneza, Madam."

Kutoka kwenye ile bahasha ya plastiki alitoa karatasi nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa kukiri kwake mwenyewe: siku aliyoiba, mahali alipozificha hati, siku aliyozituma na sababu. Ya pili ilikuwa imeandikwa kwa niaba ya Gakii, nafasi ya sahihi iko wazi. Ilitaja barua ya Mei 2009, na Jumatatu, na Jumatano.

"Yangu itamrudisha kwa mtoto wake, si ndiyo? Wakili yeyote ataitaka. Basi nitaisaini, wewe ukiona. Kadi yako inasema ni notary. Lakini aanze yeye. Niletee yake kwanza, na nitazituma zote mbili kwa bahasha moja."

Prudensia alizisoma tena, akaelewa zilivyosukwa.

"Akisaini hii hapati kitu. Walimpa ukaaji bila kujua alifanya kazi kwa jina la mtu. Wakijua, hawataurudisha, na uraia asahau."

"Najua."

"Na wewe una green card. Ukisaini, huu ni wizi wa hati. Unaweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji."

"Najua pia. Nilishawahi kurudishwa, njia naijua." Aliongeza, kama mtu aliyekumbuka kufunga dirisha: "Asijisumbue kuandika barua nyingine. Fomu ya green card inauliza kama uliwahi kufukuzwa nchi yoyote. Nilijibu ndiyo, na kwa interview nikaeleza yote. Copy ni hii, mpelekee."

* * *

Ijumaa alasiri Gakii alizisoma karatasi zote tatu akiwa amesimama. Aliposoma ile barua ya zamani, alifika nusu akaiweka chini.

"Hii si yangu. Mtu yeyote angeandika."

"Jumatatu na Jumatano, Gakii."

Mashine ya hewa baridi iliwaka, ikazima. Gakii alivuta kiti akakaa.

"Kulikuwa na nafasi moja," alisema mwishowe.

"Ilikwisha kutolewa."

"Visa yangu ilikuwa imebakisha wiki sita! Yeye alikuwa na mwaka mzima. Angepata ingine. Mimi ningeenda wapi?" Akapiga meza kwa kiganja. "Sikujua watamfungia. Nilidhani watamnyima tu kazi."

"Ulifikiria jina lake siku ya kwanza kabisa ulipokuja ofisini kwangu."

Gakii aliitikia kwa kichwa. Alifuta uso kwa mkono wa sare, na aliponyanyua kichwa machozi yalikuwa yamekauka.

"Ameniibia mtoto wangu, Madam. Makena anauliza kila Jumapili, Mum, when are you coming? Huyo mwanamke alikaa hapa, kwa hii kiti, akaniombea safari njema! Andika kwa immigration. Waambie alifukuzwa Uingereza, lazima aliwadanganya."

"Hakuwadanganya." Prudensia alimsogezea ile nakala. "Soma mwenyewe."

Gakii alisoma. Ilimchukua muda kuamini.

"Nisikilize, mdogo wangu," Prudensia alisema. "Usisaini. Mpelekee wakili bahasha, muhuri wa posta, ripoti ya polisi na tiketi yako ya tarehe mbili. Basi. Inaweza kutosha, inaweza isitoshe. Lakini hutakuwa umejifungia mlango wewe mwenyewe. Mimi nikiulizwa nitasema yote niliyosikia, ya kwake na ya kwako, kwa hiyo tuombe nisiulizwe."

"Na yeye?"

"Yeye anabaki Sugar Land."

"Anaenda kazi. Anarudi. Anakunywa chai."

"Ndiyo."

Gakii alizipanga karatasi mbili sambamba, ya Lydiah kushoto, yake kulia, kama anayelinganisha majibu ya maabara.

"Akisaini hii yake, watamrudisha Kenya?"

"Jaji ndiye anayeamua."

"Lakini inaweza."

"Inaweza. Gakii, fikiri. Huyu mwanamke anataka usaini. Amekaa miaka akiisubiri sahihi yako."

"Na mimi nataka yake."

"Makena je?"

Gakii alifikiri, au alionekana kufikiri. Nje mtu aliwasha gari, labda Florent. Injini ilikohoa mara mbili ikakubali.

"Makena ana passport yao. Anaweza kuja kuniona popote." Aliinua uso. "Hata Nkubu. Lydiah naye atakuwa huko huko. Tutaonana sokoni kila wiki mpaka mmoja wetu afe. Nipe kalamu."

Prudensia hakumpa. Gakii alichukua ya kwake mfukoni mwa sare, ile ya kuandikia mapigo ya wagonjwa, akasaini jina lake lote, herufi kubwa na zilizonyooka, kisha tarehe. Akaisukuma karatasi kuvuka meza.

Prudensia aliitazama ile sahihi kwa muda. Kazi ya notary ni kuthibitisha kwamba mtu ni yeye na amesaini kwa hiari. Alimuuliza Gakii maswali hayo mawili kama sheria inavyotaka, akajibiwa ndiyo mara mbili. Akatoa muhuri kwenye mkoba, akaugonga.

"Kesho asubuhi nitaipeleka," alisema.

"Hapana." Gakii alikuwa amekwisha kusimama, anamfungulia mlango. "Nenda sasa hivi, Madam. Asije akabadili nia."